Kampuni Mama na Ulimi wa Mzee Kapela

Nchi ninayotaka kuieleza ipo, ila jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenyewe ni wapole sana na hawapendi kusifiwa hadharani. Ni nchi ya watu wanaovuta kiko. Sigara huko huhesabiwa kuwa mambo ya watu wenye haraka, na nchi ile haijawahi kuwa na haraka. Mtu mzima akimaliza kunywa chai ya asubuhi huketi barazani, akashindilia tumbaku kwenye kiko chake, akakiwasha, akaanza kuwaza juu ya serikali. Na kwa kuwa kiko hupoza mawazo, serikali za huko huishi miaka mingi.

Zamani palikuwa na nyumba saba za kutengeneza tumbaku ya kiko, kila moja na mchanganyiko wake. Kulikuwa na Swala, kulikuwa na Tarumbeta, kulikuwa na nyingine ambazo majina yake yalikuwa marefu kuliko mikebe yenyewe. Watu waligawanyika kwa tumbaku kama wengine wanavyogawanyika kwa timu za mpira. Mvuta Swala hakumwoza binti yake kwa mvuta Tarumbeta mpaka kikao kikae, na mara nyingi kikao kilivunjika.

Ndipo ikaja Kampuni Mama.

Mama huyu hakuzaa hata mtoto mmoja. Alichukua watoto wa wenzake waliokwisha kukua. Alianza na Swala, akafuata Tarumbeta, na kila alipotaka kununua nyumba moja alikwenda kuomba ruhusa kwa Waziri wa Ushindani, Mheshimiwa Tiberio Lukonge, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha ushindani haufi. Waziri aliuliza kila mara kama ushindani utakufa. Kampuni ilimjibu kila mara kwamba hautakufa, bali utapangwa vizuri zaidi, maana sasa washindani watakuwa wanakaa jengo moja na wanaweza kushauriana. Waziri aliona ni jambo la busara, akatia saini. Alitia saini mara sita.

Jengo lenyewe lilikuwa na mageti sita, kila geti na kibao chake, na wafanyakazi wa kila geti walivaa mashati ya rangi yao. Ndani palikuwa na mashine moja.

*

Maganga Kapela alikuwa steshenimasta mstaafu, mtu mnyoofu kama reli aliyoitunza. Alikuwa amevuta Swala kwa miaka thelathini na sita. Asubuhi moja ya Jumanne alifungua mkebe mpya, akashindilia, akawasha, akavuta mara mbili, akakitoa kiko mdomoni na kukitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Swala aliyoijua ilikuwa na ladha ya zabibu kavu na moshi wa kuni za mlimani. Hii ilikuwa na ladha ya kamba ya katani iliyolowekwa kwenye sharubati.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alijishuku mwenyewe kwanza. Alikisafisha kiko, akapiga mswaki ulimi, akabadilisha viberiti. Akawasha tena. Mkewe akatoka jikoni akauliza mgeni aliyepo ni nani, kwa sababu moshi uliokuwa ukiingia ndani haukuwa wa mume wake.

Basi Mzee Kapela akaandika barua ya heshima kwa Kampuni Mama, akieleza kwamba tumbaku imebadilika. Baada ya wiki tatu akajibiwa kwamba tumbaku haijabadilika, na kwamba kampuni inamshauri mteja wake mpendwa akapime ulimi. Alikwenda hospitali. Daktari alimchungulia, akampa vitu vichungu na vitamu, akamwandikia cheti kwamba ulimi ni mzima. Mzee Kapela akakipeleka cheti kwa kampuni. Kampuni ikajibu kwamba imefurahi kusikia ulimi ni mzima, lakini cheti hakisemi kama ulimi huo ni mkweli.

*

Alipoona hivyo, alilipeleka jambo kwenye Chama cha Wavuta Kiko, ambacho yeye alikuwa katibu wake.

Chama hiki kilikuwa na wanachama arobaini na mmoja, nao walikutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha studio moja ya picha. Hakuna watu walioijua tumbaku kama wale. Waliwahi kubishana miezi minne kama kiko kiwashwe kwa kiberiti kimoja au viwili, na chama kikapasuka, na wale wa kiberiti kimoja wakaketi upande wa dirishani mpaka leo. Mzee Kapela aliamini kwamba watu wa namna hiyo wakionjeshwa katani watapiga kelele.

Kampuni Mama ilikuwa imemtangulia. Wiki ile ile iliwaletea sofa. Wiki iliyofuata ikaleta feni, halafu zulia, halafu kibao kipya kilichoandikwa jina la chama kwa herufi ndogo na la kampuni kwa herufi kubwa. Mwisho akaja mtu wa kampuni na karatasi za kutia saini. Kila mwanachama angeitwa Balozi wa Ladha na kupewa kofia. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba balozi hasemi vibaya nchi iliyomtuma.

Wanachama thelathini na tisa walitia saini wakiwa hai, na mmoja alitia saini akiwa marehemu wa miezi miwili. Mzee Kapela peke yake hakutia. Walimwambia hawana ubaya naye, ila sofa ni ya mabalozi tu. Akasimama kikao kizima, kisha akachukua kofia yake ya zamani ya stesheni akaondoka, na hakuna aliyemwita. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma si saini. Kilichomuuma ni kwamba alipokuwa mlangoni alisikia wameanza kubishana ni nani akae katikati.

*

Sasa ilikuwa imebaki nyumba moja tu ambayo Kampuni Mama haikuinunua. Ilikuwa ya Bi Nyamizi Kasanda, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mikono iliyobadilika rangi kwa majani. Alirithi kazi kwa baba yake. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kinu cha zamani cha pamba. Chumba cha kwanza kilikuwa cha majani, ambayo yeye aliyachagua na kuyachanganya kwa pua yake. Cha pili kilikuwa cha mashine ya mkono ya kukandamiza, iliyoendeshwa na mumewe, Shija, mtu ambaye alisema maneno machache kwa wiki na hakuyarudia. Mikebe yao haikuwa na picha, imeandikwa Kasanda, basi.

Mzee Kapela alikuwa hajawahi kuvuta Kasanda, kwa uaminifu wake kwa Swala. Alikwenda kwa aibu, kama mjane anayekwenda kuposa. Bi Nyamizi alimkaribisha kwenye kigoda, akampa konzi ya tumbaku, akaendelea na kazi bila kumtazama ili asimtie haya. Mzee akavuta mpaka kiko kikaisha. Haikuwa Swala, alisema, lakini ilikuwa ni kitu ambacho mtu fulani amekitengeneza.

Bi Nyamizi alimweleza kwamba Kampuni Mama ilikwisha kumwendea mara tatu, na mara tatu amekataa. Mzee akamwuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, lakini kuna mtu mkubwa anayemlinda bila kujua. Kila tarehe mosi dereva wa serikali huja na gari lenye vioo vyeusi, huchukua mikebe miwili iliyofungwa kwa gazeti, na huambiwa asiseme ni ya nani. Gazeti analokuja nalo la kufungia huwa na picha ya Waziri Lukonge, kwa hiyo dereva hana haja ya kusema.

*

Kampuni Mama iliposhindwa kumnunua Bi Nyamizi, ilimshtaki. Mashtaka yaliwashangaza watu mpaka yalipofafanuliwa. Mwanasheria wa kampuni alisimama mbele ya Tume ya Ushindani, mwenyekiti akiwa Waziri mwenyewe, akasema kwa huzuni kwamba tumbaku yote nchini ambayo haikutengenezwa na Kampuni Mama inatengenezwa na mtu mmoja. Si nusu, wala si robo tatu. Yote. Huyu mama, akasema, amehodhi asilimia mia moja ya soko la wasiotutaka.

Waziri alishtuka. Alisema katika miaka yake yote hajaona ukiritimba wa kiwango hicho. Kisha akatoa hotuba, akaeleza kwamba ushindani wa kweli unahitaji utulivu, na utulivu hupatikana pale washindani wote wanapopokea maelekezo kutoka sehemu moja.

Bi Nyamizi alikuwa amemwita Mzee Kapela kuwa shahidi wake. Mzee alisema kwa sauti ya stesheni kwamba zile tumbaku sita za Kampuni Mama ni tumbaku moja, na kama Tume haiamini, ionje. Tume ikakubali. Vikaletwa viko sita, vimejazwa kutoka mikebe sita.

Waziri alivuta wa kwanza. Katika kiko cha kwanza aliona harufu ya mvua inayoanza kupiga bati. Katika cha pili aliona ujana wake. Cha tatu kilikuwa na busara, yenye asali kidogo. Cha nne kilimkumbusha safari ya kikazi. Cha tano kilikuwa cha kiume, na cha sita kilihitaji kufikiriwa zaidi. Wajumbe wengine waliafiki, mmoja akaongeza kwamba hata yeye ameuona ujana wa Waziri.

Kisha akavuta Mzee Kapela. Alivuta vyote sita, polepole, akavipanga mezani.

"Mheshimiwa," akasema, "ni moja. Imetoka kwenye mashine moja, na nadhani hata siku ni moja."

Tume ikaandika kwamba shahidi ana ulimi dhaifu, kwani kati ya ladha sita alizopewa aliweza kuipata moja tu.

Hukumu ikatolewa saa ile ile. Nyumba ya Kasanda ivunjwe iwe kampuni mbili zinazoshindana. Ya majani iwe ya mke, ya mashine iwe ya mume, na wasizungumze biashara.

*

Fundi wa serikali alikuja akauziba kwa matofali mlango uliokuwa kati ya vyumba viwili. Pamoja naye akaja kijana mmoja mwenye adabu, Kanoni, ambaye cheo chake kilikuwa Afisa Usikivu. Kazi yake ilikuwa kukaa na mke na mume mezani wakati wa kula, kusikiliza, na kuandika. Ripoti yake ya kwanza nimeiona. Inasema: "Mke ameomba chumvi. Mume ameisogeza. Hakuna biashara iliyotajwa." Shija hakuona tofauti kubwa katika maisha yake. Bi Nyamizi ndiye aliyeteseka, kwa maana tangu aolewe alikuwa akimsemesha mumewe habari za majani, na sasa hakujua mengine ya kumwambia.

Majani nayo hayakuweza kupita chumba cha pili ila kwa zabuni, na sheria ya zabuni ilitaka waombaji watatu. Mwombaji wa kweli alikuwa Shija. Mageti sita ya Kampuni Mama yakaomba pia, kila geti kwa barua yake yenye mwandiko ule ule, na yakashinda. Malori yakaja yakabeba majani ya mwaka mzima. Bi Nyamizi alisimama kwenye chumba kitupu. Alikwenda akaweka kiganja kwenye yale matofali, upande wa pili akasikia mumewe akipaka mafuta mashine isiyokuwa na kazi, na hapo ndipo alipolia.

Tarehe mosi gari la vioo vyeusi likaja. Dereva akaambiwa hakuna. Akarudi. Saa moja baadaye likaja tena, na safari hii Waziri Lukonge alikuwa ndani. Alishuka akiwa amevaa miwani ya jua, akavitazama vyumba, akautazama ukuta, akauliza nani amefanya ukatili huu.

"Ni wewe, Mheshimiwa," akasema Bi Nyamizi. "Saini yako hii hapa."

Waziri aliisoma karatasi yote, akasema imeandikwa vizuri. Kisha akaketi kwenye kigoda, akakiri kwa sauti ya chini kwamba amekaa siku tisa kwa tumbaku ya Kampuni Mama na anaona dunia imepungua. Bi Nyamizi akamwambia basi afute hukumu. Waziri akashangaa. Hukumu haifutwi, alisema, lakini inaweza kuongezewa aya.

Akaandika aya pale pale gotini. Kasanda ilitangazwa kuwa siri ya taifa, itakayotengenezwa kwa mahitaji ya ofisi moja tu. Matofali yangetolewa, na mlango ungefunguliwa kila Ijumaa saa nne hadi saa sita. Katika majani mapya yatakayoletwa, Bi Nyamizi angebakiza ya kutosha mahitaji hayo. Kiasi hakikutajwa, kwa sababu Waziri aliona haya kuandika anavuta kiasi gani. Mwananchi mwingine yeyote akikutwa nayo, afungwe.

*

Bi Nyamizi akamwita Mzee Kapela akamweleza. Mzee akasema ni msiba, kwamba tumbaku ya mwisho ya kweli katika nchi itaingia mdomo mmoja. Bi Nyamizi akasema hapana, haitaingia hata huo. Waziri atajaziwa mikebe ya Kasanda kwa tumbaku ya Kampuni Mama. Mzee akamwuliza itakuwaje akigundua.

"Mzee wangu, si ulikuwepo? Mtu aliyeuona ujana wake kwenye kamba ya katani ataona chochote ninachomwandikia juu ya mkebe."

Ikawa hivyo. Waziri alipokea mkebe wake, akavuta, akafumba macho, akamwambia dereva kwamba sasa amerudi nyumbani.

Kasanda yenyewe ilihitaji mikebe. Mzee Kapela alikwenda kwa mabalozi wote thelathini na tisa kuomba mikebe mitupu, akisema anapanda vitunguu. Walimpa kwa kumhurumia. Kila Ijumaa kati ya saa nne na saa sita mke na mume walikandamiza tumbaku ya kuwatosha mawaziri mia, wakaishindilia kwenye mikebe ya Swala, na Tarumbeta, na mingine yote, na Mzee akaipeleka kwa mama mmoja mwenye duka sokoni ambaye alikuwa amechoka kulalamikiwa. Kanoni alikuwepo. Lakini kazi yake ilikuwa kusikia, si kuona, na mashine ile, Shija akiwa ameipaka mafuta mwezi mzima, haikutoa sauti.

Basi watu wakaanza kusema Swala imerudi. Wengine wakasema ni Tarumbeta iliyorudi. Mabalozi wa Ladha walisimama kutoka kwenye sofa wakakumbatiana. Barua za shukrani zikamiminika Kampuni Mama, na Mkurugenzi wake, ambaye hakuwa amebadilisha kitu, alizisoma zote na kugundua kwamba amefanya kazi kubwa.

*

Serikali ikaandaa sherehe ya kumvisha Mkurugenzi nishani ya Ladha ya Taifa. Uwanja ulijaa. Mzee Kapela na Bi Nyamizi waliketi safu ya tatu. Mzee akasema atasimama aseme ukweli. Bi Nyamizi akamshika mkono wa koti, akamwambia akisema leo, Ijumaa ijayo hapatakuwa na mlango. Mzee akakaa, lakini alikaa kama mtu anayekalia msumari.

Waziri akamvisha Mkurugenzi nishani. Halafu, kwa kuwa alipenda kukaribisha maneno kutoka kwa wananchi, akauliza kwa kipaza sauti ni geti lipi kati ya yale sita lililotengeneza tumbaku hii nzuri, ili nalo lipigiwe makofi.

Wakasimama mameneja sita kwa wakati mmoja.

Kila mmoja alisema ni la kwake. Mkurugenzi akawaambia wakae, akawakumbusha kwamba wao ni familia. Meneja wa Swala akajibu kwamba barua za shukrani zinaitaja Swala kwa jina. Wa Tarumbeta akasema ana barua zaidi. Mashati ya rangi mbalimbali yakaanza kuvutana kwenye viti vya nyuma, kofia zikaruka, na mabalozi ambao walikuwa wametia saini kutosema vibaya walibishana mpaka jua likageuka.

Wiki ile kila meneja alikwenda kwa Waziri kuomba kujitenga. Waziri alikataa, akasema huo si ushindani, hiyo ni fujo. Lakini kila mmoja alikuja na nakala ya hukumu ya Bi Nyamizi, iliyosema kampuni inaweza kuvunjwa kwa manufaa ya taifa, akiwa amebadilisha majina tu. Saini ilikuwa ya Waziri, na Waziri hakuwahi kuikana saini yake. Kufikia mwisho wa mwaka Kampuni Mama ilikuwa haina mtoto hata mmoja. Ile mashine ilikatwa vipande sita, na kila geti likaenda na kipande chake kujaribu kutengeneza tumbaku.

Hakuna aliyejua kuitengeneza. Wenye kujua walikwisha kustaafishwa zamani. Geti moja lilichoma majani, jingine liliyaozesha, jingine liliweka karafuu kwa sababu meneja wake alikuwa na shangazi muuza karafuu.

Mikebe hiyo ilipofika sokoni, Mzee Kapela alinunua mmoja wa kila aina, akaenda nayo kwa Bi Nyamizi siku ya Ijumaa, mlango ukiwa wazi na Shija akiwa kazini. Akaketi kwenye kigoda, akajaza Swala mpya, akavuta. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akajaza ya Tarumbeta, akakohoa kwa namna nyingine. Bi Nyamizi akaacha kazi akamtazama.

"Mbaya?" akamwuliza.

"Mbaya sana," akasema Mzee. "Na hii nyingine ni mbaya, lakini si mbaya kama ile. Kila mmoja ameharibu kivyake."

Akafungua ya tatu. Bi Nyamizi akamsogezea mkebe wa Kasanda, akamwambia aache kujitesa. Mzee Kapela akamshukuru, akausukuma kando kidogo, akasema amngojee, bado hajaonja hii ya karafuu.